Fedha Zilizojenga Reli ya Uhuru



Mhariri aliponiomba niandike jambo la historia kwa toleo hili la mkutano wetu, nilijua kwamba wenzangu watakuwa wamekwisha kuandika habari za mabweni, za kombe la mpira na za walimu wetu waliotangulia mbele ya haki. Mimi nimechagua habari ya fedha. Msinicheke. Kazi yangu serikalini kwa karibu miaka 20 sasa ni hesabu za miradi ya ujenzi inayogharimiwa kwa mikopo, na mtu huzungumza vizuri zaidi juu ya kile anachokishika kila siku. Tena mradi ninaotaka kuueleza hauko mbali nasi, maana ndiyo reli iliyotuleta shuleni. Sisi tuliotoka Kilombero, Njombe, Mbeya na hata Dar es Salaam tulipanda treni ya TAZARA na masanduku yetu ya bati, tukashuka usiku wa manane, na asubuhi tukawa katika mstari wa uji pamoja na wengine.

Darasani tulifundishwa kwamba reli hii ni zawadi ya Wachina. Sidhani kama walimu wetu walikusudia kutudanganya, lakini neno lile halikuwa sahihi. Reli ilijengwa kwa mkopo, na mkopo una hesabu. Nyimbo zimeimbwa juu ya mahandaki na madaraja, nayo yanastahili. Hesabu hazikuimbiwa na mtu, kwa hiyo hata watu waliosoma sana hawajui kwamba sehemu kubwa ya fedha za reli ile ilipita katika maduka ya kawaida ya mitaani kwetu, senti kwa senti, kabla ya kufika mikononi mwa vibarua.

Yafaa kwanza tukumbushane sababu za kujengwa kwake, japo kwa kifupi, maana wanafunzi wa sasa wamezaliwa Rhodesia ikiwa imekwisha kuitwa Zimbabwe kwa miaka mingi. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, sehemu kubwa ya shaba yake ilikuwa ikipita Rhodesia kwenda baharini, na bidhaa zake zikija kwa njia hiyo hiyo. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wakajitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta imeshikwa koo. Mafuta yakawa yanapelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi iliyoua madereva wengi, hata bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968. Bomba hupitisha mafuta tu. Shaba ilihitaji reli.

Reli ilihitaji mkopeshaji, na hapo ndipo palikuwa na kazi. Benki ya Dunia ilikwisha kusema mwaka 1964 kwamba reli kama hiyo haitalipa. Wataalamu wa Uingereza na Kanada walioichunguza njia mwaka 1966 walisema yaweza kulipa, lakini hakuna serikali ya Magharibi iliyofungua mkoba wake. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwenda Beijing Februari 1965, na Rais Kaunda akaenda Juni 1967. Tarehe 5 Septemba 1967 nchi tatu zikatia saini makubaliano ya kwanza mjini Beijing. Wapimaji wa Kichina wakapita porini kwa miguu, wakipima mito na milima, na baada ya kazi yao kukamilika ndipo itifaki ya mkopo ilipotiwa saini, tarehe 12 Julai 1970. Waziri wetu wa Fedha wakati huo alikuwa Ndugu Amir Jamal.

Sasa nawaomba mvumilie tarakimu kidogo, kwa sababu ndani yake mna mambo.

Mkopo ulikuwa wa Yuan milioni 988. Kwa kiwango cha wakati ule hizo zilikuwa dola za Marekani milioni 400 hivi. Deni liligawanywa nusu kwa nusu kati ya Tanzania na Zambia, ingawa kati ya kilomita 1,860 za reli, 975 ziko kwetu na 885 ziko kwao. Haukuwa na riba. Malipo yangeanza mwaka 1983 na kuendelea kwa miaka 30. Kwa hiyo fungu la Tanzania lilikuwa Yuan milioni 494, na ukiligawa kwa 30 unapata Yuan milioni 16 na nusu kwa mwaka. Mwaka 1970 dola 1 ilikuwa shilingi 7 na senti 14, na Yuan 1 ilikuwa chini kidogo ya shilingi 3. Basi mtu aliyekaa Hazina mwaka ule na kalamu yake angeandika kwamba tutalipa kiasi cha shilingi milioni 48 kila mwaka. Mshike tarakimu hiyo ya milioni 48, nitairudia.

Watu hulitaja jambo la kutokuwa na riba kama kwamba ni adabu tu ya kidiplomasia. Hebu tupime. Kama mkopo ule ungekuwa na riba ya asilimia 5, ambayo si riba ya kutisha, basi katika mwaka wa kwanza riba peke yake kwa fungu letu ingekuwa karibu Yuan milioni 25. Yaani riba ingekuwa kubwa kuliko deni lenyewe tulilotakiwa kulipa kwa mwaka. Na tangu 1970 hata 1983 riba ingekuwa inajilimbikiza kabla hatujalipa hata senti moja. Wanafunzi wanaosoma hesabu za biashara wajaribu wenyewe swali hili kwa riba nyongeza, wataona deni lilivyo na tabia ya kuzaa. Masharti haya hayakutoka hewani. Mwanzoni mwa mwaka 1964 Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, akiwa ziarani Afrika, alitangaza kanuni 8 za misaada ya nchi yake. Humo mlisemwa kwamba mikopo itakuwa bila riba au kwa riba ndogo, kwamba mitambo itatozwa bei ya soko la dunia, na kwamba wataalamu wa Kichina wataishi kwa hali sawa na wataalamu wa nchi wanayoisaidia. Wazee wa Mlimba na Ifakara wanaokumbuka kambi za Wachina, na bustani zao za mboga kando ya kambi, watathibitisha hilo la mwisho.

Ila mkopo wa Yuan milioni 988 haukuwa sanduku la noti. Ulikuwa wa namna mbili, na kila namna ilitaka uandishi wake.

Namna ya kwanza ilikuwa vitu vya ujenzi wenyewe: reli za chuma, injini, mabehewa, matingatinga, baruti, saruji, vyuma vya madaraja. Hivi vilikuja kwa meli hadi Dar es Salaam na thamani yake ikaandikwa katika hesabu ya mkopo. Mtu asiyefanya kazi hii hudhani kwamba mkopo wa vitu ni rahisi kuusimamia kuliko mkopo wa fedha, maana chuma hakiibiwi mfukoni. Mimi naona kinyume chake. Fedha ikitumwa, benki ya huku na benki ya kule zina karatasi inayosema kiasi kile kile. Vitu vikitumwa, lazima kuwe na ankara inayosema bei, hati ya shehena inayosema kilichopakiwa, na hati ya bohari inayosema kilichopokewa, na karatasi zote tatu zikubaliane. Zisipokubaliana, anayebaki na deni ni mkopaji. Na hapa China ilikuwa ndiye mkopeshaji, ndiye muuzaji wa vifaa, na ndiye mjenzi. Sisemi kwamba walitupunja. Nasema kwamba katika mpango wa namna hiyo kinga pekee ya mkopaji ni mtunza bohari wake mwenye macho na daftari.

Niliwahi kukagua mradi mmoja wa ujenzi katika wilaya ambayo sitaitaja. Fedha zilikuwa za mkopo uliopitia serikalini. Jengo lilikuwepo, zuri, limepigwa rangi, na watoto walikuwa ndani wakisoma. Lakini hati za kupokelea saruji na nondo hazikuonekana. Mtunza bohari alikuwa amehamishwa, na daftari lake lilikuwa limeloa katika chumba kilichovuja. Mkopeshaji akasema haya ni matumizi yasiyokubalika. Hakusema jengo halipo. Alisema hapana ushahidi kwamba jengo hili lilijengwa kwa fedha zake. Halmashauri ikatakiwa kurudisha kiasi kile kutoka mapato yake yenyewe, yaani kodi za soko na ushuru wa mazao wa watu ambao tayari walikuwa wamejitolea mchanga na mawe. Walilijenga jengo lile mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya karatasi. Tangu siku hiyo sijamcheka tena karani anayefungia stakabadhi zake ndani ya mfuko wa nailoni.

Nchi hii ilikuwa na kumbukumbu ya jambo kama hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea ulikadiriwa kugharimu pauni milioni 24 za serikali ya Uingereza. Mwaka 1951 serikali hiyo ilifuta kiasi cha pauni milioni 36 kama hasara, na wakaguzi walikwisha kueleza kwamba vitabu vya hesabu havikutunzwa inavyopasa. Matingatinga yalikuwa yamenunuliwa mitumba, vipuri vimetawanyika, na hapana aliyeweza kusema kwa hakika kipo nini na kiko wapi. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga ilifungwa mwaka 1962. Viongozi waliokwenda Beijing miaka michache baadaye walikuwa watu wazima wakati karanga zilipokuwa gumzo la nchi nzima.

Namna ya pili ya mkopo ndiyo iliyonivuta kuandika makala haya.

Reli haijengwi kwa chuma peke yake. Kuna mishahara ya makumi ya maelfu ya wafanyakazi, kuna unga na maharage, kokoto, mbao, mafuta ya malori. Gharama hizi hulipwa kwa shilingi na kwacha, wala si kwa Yuan. China haikuwa na shilingi, na serikali zetu mbili hazikuwa na shilingi wala kwacha za ziada. Tungeweza kuchapa noti, na bei za vitu zingepanda, kwa sababu fedha zingekuwa nyingi mikononi mwa watu na madukani hamna kitu kipya cha kununua. Makubaliano yaliyofikiwa yalikuwa ya akili sana. China ilitoa bidhaa za kawaida kwa mkopo, mashirika ya biashara ya Tanzania na Zambia yakaziuza kwa wananchi, na mapato ya mauzo hayo ndiyo yaliyogharimia matumizi ya ndani ya ujenzi. Zaidi kidogo ya nusu ya mkopo wote ilikwenda kwa njia hii.

Fikirini maana yake. Mama mmoja Morogoro ananunua sinia la bati lenye picha ya maua na samaki. Kijana Tabora ananunua baiskeli. Mwalimu Songea ananunua chupa ya chai. Fedha zao zinaingia katika hesabu ya reli, zinatoka kama mshahara wa kibarua anayetoboa mlima karibu na Mpanga, naye kibarua akienda likizo ananunua sinia lingine. Mwisho wa yote sinia limekwenda nyumbani, reli imesogea mbele, na serikali imeandikiwa deni la Yuan. Bibi yangu alikuwa na sinia la namna hiyo, alilitumia hadi rangi ikabanduka na kutu ikaingia. Hakujua, wala hakuambiwa na mtu, kwamba alikuwa mmoja wa wagharimiaji wa reli.

Je, mzigo huu ulikuwa mkubwa kiasi gani? Nimejaribu kupiga hesabu yangu mwenyewe, nikichukua nusu kamili ili iwe rahisi. Nusu ya fungu la Tanzania ni Yuan milioni 247, ambazo kwa kiwango cha 1970 ni zaidi ya shilingi milioni 700. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na laki 3 katika nchi yetu. Basi ilibidi kila mtu, mtoto mchanga na kikongwe pamoja, anunue bidhaa za Kichina za kiasi cha shilingi 58 katika miaka ile ya ujenzi. Kwa familia ya watu sita vijijini, ambako shilingi 100 ilikuwa fedha ya kuuzia ndama, si jambo dogo. Ndiyo maana wazee wetu wanakumbuka miaka ile kama miaka ya vitu vya Kichina kila mahali.

Kazi ya kuuza ililiangukia Shirika la Biashara la Taifa, lile lililojulikana kwa herufi zake STC, lililoundwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha ili lishike biashara ya jumla. Lilikuwa shirika changa lenye mzigo wa nchi nzima. Lilitakiwa kujua ni mkoa gani unahitaji majembe na ni upi una vitambaa vya kutosha, na hayo yote kwa simu zisizosikika na malori yanayokwama masika. Mwaka 1973 lilivunjwa, na kazi ya usambazaji ikapewa kampuni za biashara za mikoa. Tunapolilaumu STC kwa maduka yaliyokosa hiki au yaliyojaa kile, tukumbuke pia kwamba bidhaa isiyouzwa ilikuwa na hasara mara mbili: ilikaa bohari ikiliwa na panya, na wakati huo huo deni lake lilikwisha kuandikwa.

Ujenzi haukungoja. Jiwe la msingi liliwekwa Dar es Salaam tarehe 26 Oktoba 1970, na siku mbili baadaye sherehe kama hiyo ikafanyika Kapiri Mposhi. Reli ilifika Mlimba, kilomita 502, mnamo Novemba 1971. Kutoka hapo hadi Makambako ni kilomita 158 tu, lakini ndizo zilizokula jasho na damu, maana ni milima, mabonde na matope, na mahandaki mengi ya reli yote yako hapo. Januari 1973 Smith akafunga mpaka wa Rhodesia na Zambia, na haraka ikazidi. Agosti 1973 reli ikafika Tunduma, na Juni 1975 ikafika Kapiri Mposhi. Makabidhiano rasmi yalifanyika tarehe 14 Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi yao yako Gongo la Mboto, yamepangwa kwa mistari na kila moja lina jina. Watanzania na Wazambia waliokufa walizikwa na ndugu zao au kando ya njia, na majina yao hayakukusanywa mahali pamoja namna ile.

Hapo ndipo mimi, kama mtu wa hesabu, ninapoona pengo. Wafanyakazi wetu waliandikishwa kupitia ofisi za TANU wilayani na kupitia Jeshi la Kujenga Taifa. Walilipwa kila mwezi. Baba yangu mkubwa, aliyefanya kazi ya kuvunja kokoto upande wa Mlimba, alinieleza siku ya mshahara ilivyokuwa: karani anakaa nyuma ya meza ya mbao na orodha, anaita jina, mtu anasogea, asiyejua kusoma anatia dole gumba kwenye wino, anahesabiwa noti zake mbele ya mnyapara na mbele ya Mchina mmoja, anaondoka. Anayeitwa mara tatu bila kuitika, jina lake linapigwa mstari. Leo tunahangaika na watumishi hewa katika orodha zetu, tunanunua kompyuta na mashine za alama za vidole, na kumbe dole gumba na mashahidi wawili vilikuwepo Mlimba mwaka 1972.

Baba mkubwa alirudi nyumbani na redio, blanketi na kikohozi. Karatasi hakurudi nayo hata moja. Alipozeeka na kutaka kuonyesha kwamba aliwahi kuwa mjenzi wa Reli ya Uhuru, hakuwa na kitu cha kuonyesha ila kovu la jiwe mguuni. Watu wakimsikiliza jioni walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka hadithi za wazee. Naye hakupenda kuchekwa, akaacha kusimulia.

Narudi kwenye zile shilingi milioni 48. Deni lilikuwa la Yuan, na shilingi yetu haikubaki pale ilipokuwa mwaka 1970. Mwaka 1986 thamani yake ilishushwa sana, na ilipofika 1994 dola 1 ilikuwa zaidi ya shilingi 500, na Yuan 1 karibu shilingi 59. Fungu lile lile la Yuan milioni 16 na nusu, ukilipigia hesabu kwa kiwango cha mwaka huo, linakaribia shilingi milioni 970. Deni halikuongezeka hata Yuan moja, kwa kuwa halikuwa na riba, lakini kwa shilingi lilikuwa limezidi mara 20. Wanafunzi wa uchumi waliandike hili pembeni mwa madaftari yao: mkopo usio na riba bado unaweza kupanda mlima, ikiwa sarafu yako ndiyo inayoshuka.

Na je, reli ilikuwa inaingiza kitu cha kulipia? Ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na kiasi hicho hakikufikiwa hata mara moja. Mwaka 1978 Zambia ililazimika kufungua tena njia ya kusini kwa sababu ya uhaba wa mbolea na msongamano bandarini kwetu. Mwaka 1979 mvua zilibomoa tuta, na majeshi ya Rhodesia yakalipua daraja la mto Chambeshi. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, shaba ikapata njia nyingine. Injini za kwanza za Kichina zilishindwa kupanda milima yetu na mzigo kama ilivyotarajiwa, zikaongezwa nyingine kwa fedha nyingine. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kulipa, malipo hayakwenda kama yalivyopangwa. China ilikubali kuyaahirisha, ikatoa mikopo mingine ya vipuri na matengenezo kwa itifaki moja baada ya nyingine, na mwaka 2011 ikafuta nusu ya deni la ujenzi. Septemba 2024 serikali tatu zilitia saini tena Beijing hati ya maelewano ya kuifufua reli, safari hii kwa utaratibu ambao kampuni ya Kichina itaweka fedha zake na kuendesha. Masharti ni tofauti kabisa na yale ya 1970, na wenye kupenda tarakimu watakuwa na kazi ya kuyafuatilia.

Wengine husema kwamba kwa kuwa reli haikulipa deni lake, basi Benki ya Dunia ilikuwa imesema kweli mwaka 1964. Sikubaliani nao. Daftari la mkopo lina safu ya gharama na safu ya mapato, halina safu ya nchi kutoshikwa koo. Nauli ya mwanafunzi aliyetoka kijijini Kilombero na kufika shule hii haimo kwenye tani milioni 2. Lakini pia siwakubali wanaosema tusipige hesabu kwa kuwa ilikuwa reli ya ukombozi. Ndugu Jamal na wenzake walipiga hesabu, tena kwa makini, na ndiyo sababu tulipata mkopo usio na riba na miaka 13 ya kupumua kabla ya kuanza kulipa.

Nyaraka za itifaki ziko salama katika miji mikuu mitatu. Zisizo salama ni za huku kwetu. Katika familia za wasomaji wa gazeti hili lazima kuna baba au babu aliyefanya kazi katika ujenzi wa reli, au shangazi aliyekuwa karani wa STC, au mzee aliyekuwa na duka lililopokea bidhaa zile. Katika sanduku la mzee huyo huenda kuna kitambulisho cha kazi, ankara, kitabu cha benki ya posta au picha ya kambini. Nimezungumza na mwalimu wa historia, naye amekubali kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu wakae mezani karibu na mlango wa bwalo siku ya Jumamosi ya mkutano wetu, tangu saa 3 asubuhi. Mtu akileta karatasi, wataandika jina la mwenyewe, kijiji, kazi aliyofanya na miaka, watapiga nakala katika ofisi ya mwalimu mkuu msaidizi, na watampa stakabadhi. Karatasi yenyewe itarudi nyumbani na mwenyewe siku hiyo hiyo. Asiye na karatasi lakini ana mzee aliye hai, amlete mzee.